Mihuri Mitano ya Kwihara: Siri ya Barua na Wajibu wa Mchungaji katika Zama za Kompyuta

UTANGULIZI

Tarehe 14 Machi 1872, katika kijiji cha Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, David Livingstone aliagana na Henry Morton Stanley. Stanley alikuwa akirudi pwani, na katika mizigo ya msafara wake mlikuwamo daftari kubwa la kumbukumbu za Livingstone, lililofungwa na kupigwa lakiri mara tano. Kwa kuwa hapakuwa na muhuri rasmi, lakiri ilipigwa kwa vitu vilivyokuwapo: sarafu ya dhahabu ya Kimarekani, sarafu za anna za Kihindi, na kipande cha rangi ya kuchorea chenye nembo ya ufalme wa Uingereza. Juu yake yaliandikwa maagizo kwamba lisifunguliwe. Daftari lile lilivuka Ugogo na Usagara, likafika Bagamoyo mwezi Mei, kisha likapelekwa Uingereza. Wanahistoria huliita Shajara ya Unyanyembe.

Naanza na daftari hilo kwa sababu maswali yaliyowakabili watu wale wawili ndiyo yanayomkabili mchungaji wa leo apokeapo ujumbe wa muumini wake kwa simu ya mkononi. Ni nani anayeubeba? Umefungwa kwa muhuri gani? Ni nani mwenye uwezo wa kuufungua, leo au miaka mingi baadaye? Katika makala hii nakusudia kueleza, kwa lugha ambayo mtu asiye fundi wa kompyuta ataielewa, jinsi mawasiliano ya siku hizi yanavyolindwa na mahali ambapo ulinzi huo unashindwa. Nia yangu si kuwatisha watumishi wenzangu. Ni kuonyesha kwamba muhuri wa njiani umekuwa imara kuliko wakati wowote, na kwamba kwa sababu hiyo hatari kubwa imehamia kwa mwandikaji na mpokeaji, nasi wachungaji tu miongoni mwa wapokeaji hao.

1. BARUA KATIKA NJIA YA MISAFARA

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji na kuvuka ziwa kuelekea Kongo. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Nguo, shanga na waya zilikwenda bara. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, pamoja na wanadamu waliofungwa minyororo. Kutoka pwani hadi Tabora msafara ulichukua karibu miezi mitatu. Barua zilipita humo humo, zikiwa amana mikononi mwa watu ambao mwandishi hakuwajua.

Barua yoyote inahitaji mambo matatu: isisomwe na asiyehusika, isighushiwe, na ifike. Wataalamu wa usalama wa kompyuta hata leo hujenga kazi yao juu ya mambo hayo hayo: siri, uhalisi na upatikanaji. Katika njia yetu mambo hayo hayakuwa na uhakika. Mwaka 1869 Livingstone aliandika barua nyingi kutoka Ujiji, nazo hazikufika. Mwenyewe aliamini kuwa ziliharibiwa na wafanyabiashara waliohofu kwamba zingefichua biashara ya watumwa. Stanley naye alikuta Unyanyembe kifurushi cha barua za Livingstone kilichoandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Alipokifikisha Ujiji, mwaka mzima ulikuwa umepita. Tena, mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa, na Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini.

Kwa nini jambo hili lilikuwa zito? Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya watu wengi, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba. Taarifa yake ilitoka bara kwa mkono wa Stanley. Ilipofika Uingereza iliongeza nguvu za wale waliodai biashara ya watumwa ikomeshwe, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mkataba ule ulikuwa na sababu nyingi. Hata hivyo barua iliyofika ilikuwa mojawapo. Siri ya barua, basi, haikuwa starehe ya wakubwa. Ilikuwa kinga ya watu waliokuwa sokoni bila mtetezi.

2. NJIA ILE ILE, MBEBAJI MWINGINE

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya misafara. Kompyuta zilikuja baadaye na kwa mashaka: mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya matumizi yake serikalini kuleta hasara. Marufuku hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980, na intaneti ikaingia katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Mkongo huo umefika Tabora na Kigoma.

Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na maneno yetu husafiri humo kama mimweko ya mwanga. Mwanga ndani ya kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari iliyomchukua mpagazi miezi mitatu humalizika kabla mtu hajakupesa jicho. Ujumbe wenyewe hukatwa vipande vidogo, kama jora la nguo lilivyogawanywa katika mizigo ya wapagazi wengi. Kila kipande hupewa anwani, na vyote huunganishwa upya mwisho wa safari.

Lakini njia yaweza kukatika hata leo. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mwezi Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Usharika uliokuwa na orodha ya wagonjwa na wajane wake katika mtandao peke yake ulibaki bila orodha. Daftari la karatasi kabatini lingali na kazi yake.

3. MUHURI WA HISABATI

Katika 2 Samweli 11 Uria anabeba kwa mkono wake mwenyewe barua inayoagiza kifo chake, wala hajui kilichomo. Habari hiyo ya kusikitisha inatuonyesha jambo ambalo wataalamu wamelitafuta kwa karne nyingi: ujumbe ambao mbebaji hawezi kuusoma. Njia ya kale ilikuwa kuandika kwa fumbo, na ugumu wake ulikuwa mmoja. Ili mpokeaji afumbue fumbo, ilipasa apelekewe kwanza ufunguo wake, na ufunguo huo nao ungeweza kuibwa njiani.

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza njia ya kuepuka ugumu huo. Tuchukue mfano. Mtu wa Ujiji anatengeneza makufuli mengi yanayofunguliwa kwa ufunguo mmoja tu. Anayapeleka makufuli hayo, yakiwa wazi, kwa yeyote atakaye, Tabora hata Bagamoyo. Anayetaka kumwandikia hutia barua katika sanduku na kulibana kufuli. Tangu hapo hata aliyelifunga hawezi kulifungua. Ni mtu wa Ujiji peke yake mwenye ufunguo, nao haukutoka nyumbani kwake. Kufuli ni la watu wote, ufunguo ni wa mmoja.

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni kufuli la namna hiyo kwa hesabu. Kuzidisha 53 kwa 61 ni rahisi: jibu ni 3233. Lakini ukipewa 3233 peke yake na kuulizwa ni namba zipi mbili zilizoizaa, utahangaika. Namba zinazotumika katika kazi hiyo siku hizi huwa na tarakimu zaidi ya 600, na hakuna kompyuta ya kawaida iwezayo kuzitafutia asili yake kwa muda wenye maana kwa mwanadamu. Hesabu za jamii hiyo ndizo zinazolinda malipo ya benki. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp nao hufungwa kwa kufuli la hesabu tangu simu ya mwandikaji hadi simu ya mpokeaji, hata kampuni inayoubeba isiweze kuusoma.

Yafaa kuongeza tahadhari moja. Mbebaji asiyeweza kusoma barua bado anajua imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, na saa ngapi. Mtu akimwandikia mchungaji wake kila usiku saa sita kwa muda wa wiki mbili, habari hiyo peke yake inasema mengi.

4. NI NANI ALIYEANDIKA?

Sharti la pili la barua ni uhalisi. Katika 1 Wafalme 21 Yezebeli anaandika kwa jina la Ahabu na kutumia muhuri wa mfalme. Wazee wanatii, na Nabothi anauawa. Muhuri ulikuwa wa kweli, mkono ulikuwa wa uongo. Mtume Paulo alilijua jambo hili, ndiyo maana katika 2 Wathesalonike anawaonya wasomaji juu ya barua zinazodaiwa kuwa zake, na mwishoni anatia salamu kwa mkono wake mwenyewe iwe alama. Makufuli tuliyoyaeleza yana kazi hiyo pia: yakitumiwa kwa mpango wa kinyume, mwenye ufunguo hutia alama ambayo kila mtu aweza kuihakiki wala hakuna awezaye kuighushi. Hiyo ndiyo sahihi ya kidijitali.

Hata hivyo tapeli hahangaiki na hesabu. Sote tumepokea ujumbe usemao ile hela itumwe kwenye namba nyingine. Nguvu yake haiko katika ufundi. Hupelekwa kwa watu wengi mno, na miongoni mwao hakosi mtu ambaye saa ile ile alikuwa anajiandaa kumtumia mwanawe ada au fundi malipo yake. Ujumbe unaingia katikati ya mazungumzo ya kweli, kama mgeni aingiaye arusini na kila upande ukadhani ni wa upande wa pili.

Sasa limekuja jambo jipya. Programu ya kompyuta ikisikilizishwa sauti ya mtu kwa muda mfupi, yaweza kuiga sauti hiyo na kutamka maneno ambayo mwenyewe hajayasema kamwe. Nani ana sauti iliyotapakaa kuliko mhubiri? Mahubiri yetu yamerekodiwa na kusambazwa kwa nia njema. Basi mtunza hazina wa usharika akisikia kwa simu sauti ya mchungaji wake ikiomba fedha za haraka kwa ajili ya mwinjilisti mgonjwa, sauti si ushahidi tena. Katika Mwanzo 27 Isaka alikuwa na alama mbili, sikio na mkono. Sikio lilimwonya, mkono ukamdanganya, naye akaufuata mkono. Alama zinapopingana, inafaa kusimama na kuuliza kwa njia nyingine: kupiga namba uliyokuwa nayo zamani, au kwenda mwenyewe. Kwa upande wa laini za simu, Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kuripoti jumbe za matapeli, na kwa kubonyeza *106# mtu huweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

5. WINO ULIOFIFIA

Turudi kwa Livingstone. Alipokuwa Nyangwe mwaka 1871 karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, The Standard la Novemba 1869, kwa wino alioutengeneza kwa mimea ya huko. Baadaye akayanakili mambo hayo, kwa kuyahariri, katika daftari kubwa lililopigwa mihuri Kwihara. Wino ule ulififia, na kurasa zile zilihesabiwa kuwa hazisomeki. Lakini mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitangaza kwamba wamezisoma. Walizipiga picha chini ya mianga ya namna mbalimbali, ikiwamo ile isiyoonekana kwa macho, kisha kompyuta ikaunganisha picha hizo hadi mwandiko ukajitenga na maandishi ya gazeti. Ikaonekana kwamba maelezo ya awali yanatofautiana na yale ya daftari kubwa, na kuibua swali kama watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe hawakuwa na sehemu katika ghasia za siku zile. Baada ya miaka 140, kilichofichwa kwa wino dhaifu kilisomwa.

Tukio hilo linatusaidia kuelewa hofu ya watafiti wa leo. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine, inayofanya kazi kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo kabisa, ingeweza kupata kwa haraka zile namba mbili zilizoizaa namba kubwa. Kompyuta hizo, ziitwazo za kwanta, bado hazijafikia uwezo wa kuvunja makufuli yanayotumika. Lakini mwenye hila aweza kukusanya leo jumbe zilizofungwa, akaziweka, akingoja siku ya kuweza kuzifungua. Kwa sababu hiyo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwezi Agosti 2024 viwango vitatu vya kwanza vya makufuli mapya, yaliyojengwa juu ya hesabu ambazo hata kompyuta za kwanta zinatarajiwa kushindwa nazo. Kazi ya kubadilisha makufuli duniani kote imekwisha kuanza.

Funzo lake kwetu ni rahisi: ambacho hakisomeki leo kisihesabiwe kwamba hakitasomwa.

6. MWISHO WA NJIA

Naomba nieleze kosa langu mwenyewe. Kabla sijaitwa kufundisha nilitumika katika usharika mmoja wa mjini. Mama mmoja alikuwa akiniandikia kwa simu habari za ndoa yake, mambo ambayo asingeyasema mbele ya mtu mwingine. Nilimjibu, nikamwombea, wala sikufuta kitu. Baada ya muda kioo cha simu yangu kilivunjika. Nikaipeleka kwa fundi, naye akaniomba namba ya siri apate kuijaribu akimaliza. Nikamwandikia juu ya kipande cha karatasi. Simu ililala kwake siku mbili.

Haukupita mwezi maneno ya mama yule yakamrudia sokoni. Alikuja ofisini mara moja tu, akasimama mlangoni, akaniuliza kama ni mimi. Nilijibu kwamba sikumwambia mtu. Lilikuwa jibu la kweli lisilokuwa na faida. Hakuja tena kanisani kwetu. Fundi sina haki ya kumlaumu, kwa maana ufunguo niliutoa mimi. Jumbe zile zilisafiri chini ya kufuli ambalo majeshi ya dunia hayawezi kulivunja, zikafika salama kwangu, na kwangu ndiko zilikopotea.

Kanisa la Kilutheri, tangu Martin Luther alipoliweka ungamo katika Katekisimu Ndogo, limemtaka mchungaji asifunue kamwe alilokabidhiwa. Tumezoea kuielewa amri hiyo kuwa inahusu ulimi. Mimi nilizuia ulimi, nikaacha mkono wazi. Tena Amri ya Nane, kama Luther alivyoifafanua, haitudai tu tusimsingizie jirani. Inatudai tulilinde jina lake jema. Sioni jinsi mtu awezavyo kulilinda jina la jirani yake huku akitembea na siri zake katika mfuko usiofungwa.

7. WAJIBU WETU

Kutokana na hayo, napendekeza mambo machache yanayowezekana hata katika mtaa usio na umeme wa uhakika.

Kwanza, ungamo lisiandikwe. Muumini akianza kuandika jambo la rohoni, mchungaji amjibu kwa upole kwamba atakwenda, au amwite. Mguu wa mchungaji ni njia salama kuliko zote, na mara nyingi ndio muumini aliokuwa akiuhitaji.

Pili, lililokwisha kuandikwa lifutwe baada ya kazi yake, pamoja na nakala ya akiba. Wengi hawajui kwamba mazungumzo yaliyofungwa njiani huweza kuhifadhiwa mbali bila kufuli lile lile, mpaka mwenye simu achague kulifunga.

Tatu, simu ya mchungaji iwe na namba ya siri asiyopewa mtu mwingine, wala mtoto wa nyumbani wala fundi. Ikiharibika, yaliyomo yaondolewe kwanza. Isipowezekana, fundi aitengeneze mbele ya macho yake.

Nne, usharika uweke utaratibu kwamba hakuna fedha itakayotumwa kwa agizo la simu peke yake, hata likitoka kwa askofu, mpaka watu wawili wamelihakiki kwa njia nyingine. Mtunza hazina asionekane mkaidi kwa kuuliza. Anapouliza anamlinda mchungaji wake.

Tano, tuzijue sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu hutakiwa kujisajili katika Tume iliyoundwa kwa ajili hiyo. Vitabu vyetu vya ubatizo, kipaimara na ndoa, na orodha za bahasha za sadaka, ni taarifa za namna hiyo. Kuzipiga picha na kuzirusha katika kundi la WhatsApp si jambo dogo.

HITIMISHO

Wapagazi waliobeba daftari la Kwihara hadi pwani hatuyajui majina yao mengi. Hawakulipwa kwa kutunza siri. Walilipwa kwa kubeba mzigo. Lakini mzigo ulifika ukiwa mzima, na kwa kufika kwake watu ambao hawakuwaona kamwe walipata mtetezi. Siku hizi kazi ya kubeba imepewa kioo na mwanga, na kazi ya muhuri imepewa hesabu. Kazi iliyobaki kwetu ni ile ambayo mashine haiwezi kuipokea, yaani kuwa mtu ambaye jambo likimfikia, linakoma kwake.

Mama yule, nimesikia, anasali katika kanisa jingine. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mchungaji anayemsikiliza huko, nami namwombea mtumishi huyo awe mwangalifu kuliko nilivyokuwa mimi.